Je, Wajua? Kishindo Kilichozaa Filamu

Je, wajua kwamba mtu anaweza kusikia kishindo kikubwa kichwani mwake, ilhali chumba kizima ni kimya? Yalimkuta mwongozaji kutoka Thailand, Apichatpong Weerasethakul. Kishindo hicho akakigeuza kuwa filamu: Memoria, ya mwaka 2021.

• Madaktari wanaitambua hali hiyo. Huja mtu anapopitiwa na usingizi au anapoamka. Haiumizi, ila hushtua.

• Katika filamu, Jessica, anayeigizwa na Tilda Swinton, anaamshwa alfajiri na kishindo asichokisikia mwingine. Anamwendea fundi sauti mjini Bogotá ili amtengenezee mlio huohuo. Anaueleza: tufe kubwa la zege likianguka ndani ya kisima cha chuma kilichozungukwa na maji ya bahari. Fundi anajaribu mlio mmoja, kisha mwingine. Bado. Jessica anataka uwe na udongo zaidi. Fundi anarudi kwenye mitambo yake.

• Filamu ilirekodiwa Kolombia, kwa Kihispania na Kiingereza. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Apichatpong nje ya Thailand. Tamasha la Cannes liliipa Tuzo ya Majaji.

• Wasambazaji wake wa Marekani walitangaza mpango wa ajabu: ionyeshwe katika ukumbi mmoja tu kwa wakati mmoja, mji baada ya mji, bila DVD wala mtandaoni.

Ukiipata, zima simu na utege sikio. Sehemu kubwa ya fumbo imo katika sauti.