Kaktasi ya Mtakatifu Petro: Mmea wa Bustani, Mmea wa Tambiko

Katika jamii ya kaktasi, ambayo wakazi wa Afrika Mashariki huifahamu zaidi kupitia mpungate, ipo mimea michache inayoheshimiwa na wenyeji wa Amerika kuwa ina roho yake, na kati ya hiyo hakuna iliyo rahisi kukuzwa nyumbani kuliko ile ya milima ya Andes iitwayo San Pedro, yaani Mtakatifu Petro. Wataalamu wa mimea huiita Trichocereus pachanoi, na katika Kikechua huitwa huachuma. Jina la mtume liliingia baada ya Wahispania kuiteka Peru katika karne ya 16, na tafsiri inayotolewa ni kwamba, kama Petro alivyokabidhiwa funguo za mbinguni, ndivyo mmea huu unavyomfungulia mganga yale yasiyoonekana kwa macho.

Heshima hiyo ni kongwe kuliko Ukristo wenyewe. Katika hekalu la Chavín de Huántar nchini Peru, lililojengwa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita kwenye bonde lililo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, lipo jiwe lililochongwa umbo la kiumbe mwenye meno makali na nywele za nyoka, akiwa ameshika shina refu la kaktasi ambalo mbavu zake, yaani matuta yanayoshuka kutoka kileleni hadi chini, zinaonekana wazi.

Hadi leo waganga wa kaskazini mwa Peru hufanya tambiko lao usiku mbele ya mesa, ambayo ni madhabahu ya nguo iliyotandikwa chini na kupangwa mapanga, fimbo, makombe ya baharini, mawe ya kale na sanamu za watakatifu. Upande wa kushoto ni wa nguvu zinazodhuru, wa kulia ni wa nguvu zinazoponya, na katikati ndipo mganga anapozisawazisha. Maji ya kaktasi iliyochemshwa hunywewa, si kwa ajili ya starehe, bali ili chanzo cha maradhi, ambacho mara nyingi husemwa kuwa husuda au uchawi, kijulikane na kuondolewa. Msomaji wa pwani aliyekulia katika habari za kijicho na mizimu hataona ugeni mkubwa hapo. Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba Yesu na Mariamu huombwa pamoja na milima na maziwa matakatifu ya Huaringas, wala hakuna anayeona kasoro katika kuchanganya huko. Mwaka 2022 serikali ya Peru iliyatangaza maarifa ya jadi yanayohusu mmea huu kuwa urithi wa utamaduni wa taifa.

Nje ya tambiko, mmea huo hupandwa karibu na nyumba uwe mlinzi, na baadhi ya watu huamini kwamba hupiga mluzi wa kutisha anapoingia mtu mwenye nia mbaya. Ukuzaji wake hauhitaji ufundi mkubwa. Pingili ya shina yenye urefu wa sentimita 30 hivi hukatwa kwa kisu safi, ikaachwa kivulini kwa wiki mbili au tatu mpaka sehemu iliyokatwa ikauke na kufanya gamba, kwa kuwa pingili ikizikwa ingali na unyevu huoza kabla ya kutoa mizizi. Udongo uchanganywe na mchanga wa mto au changarawe ili maji yapite haraka, na umwagiliaji uanze mizizi ikishashika, kisha udongo ukauke kabla ya kumwagiwa tena. Mmea uliotunzwa vizuri huweza kurefuka kwa sentimita 30 kwa mwaka, hatimaye ukafika mita tatu hadi sita, na maua yake meupe yenye harufu nzuri hufunguka usiku. Wapo wanaotafuta kwa bidii shina lenye mbavu nne, kwa imani kwamba linawakilisha pande nne za dunia na lina nguvu kuliko mengine, ingawa idadi ya mbavu hubadilika shina linapokua, hivyo anayelipa bei ya juu kwa sababu hiyo anaweza kujikuta baadaye na mbavu tano au sita.

Hali ya peyote, kaktasi ndogo ya Mexico na kusini mwa Texas, ni tofauti kabisa. Kwa Wawixárika, wenyeji wa Mexico ambao husafiri kuhiji katika jangwa la Wirikuta, kaktasi hiyo haitenganishwi na paa na mahindi, na katika Marekani ndiyo sakramenti ya Kanisa la Wenyeji wa Amerika, lililosajiliwa Oklahoma mwaka 1918. Ikipandwa kwa mbegu huchukua miaka mingi kukomaa, ilhali huvunwa porini kwa kasi isiyolingana na kuota kwake. Anayeitamani kwa pambo la dirishani angefanya vyema kuwaachia wenye nayo.

Mimea yote miwili ina meskalini, kemikali inayobadilisha fahamu, ambayo inadhibitiwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na nchi nyingi huipiga marufuku kama dawa ya kulevya hata pale zinaporuhusu San Pedro iwe ua la bustani. Kwa hiyo mwenye nia ya kupanda San Pedro aulize kwanza sheria ya nchi yake, kisha anunue pingili kwenye kitalu kinachoizalisha chenyewe, asiagize iliyong'olewa milimani.