Nazi ya mbuzi na nazi ya pakiti

Je, wajua kwamba karibu theluthi moja ya nyama nyeupe ya nazi iliyokomaa ni mafuta? Karibu nusu ni maji, na protini ni kama sehemu 3 tu katika kila 100. Hizo 3 zisidharauliwe: ndizo zinazoamua kama mchuzi wako utatulia au utakatika.

Mafuta hayo yamefungiwa ndani ya seli, na hayatoki mpaka kuta za seli zipasuke. Hiyo ndiyo kazi ya mbuzi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma na meno mbele. Kifaa cha ukoo huo utakikuta pia Sri Lanka, Maldivi na Ufilipino. Thailand walizoea kukichonga kwa umbo la sungura. Mkunaji hushika kizio kwa mikono miwili, akakizungusha kidogokidogo juu ya meno huku chenga zikianguka kwenye sinia. Chenga zikiwa laini, seli nyingi zaidi hupasuka na tui huwa zito. Mwenye haraka hukuna mapande, kisha hulaumu nazi kwamba haina tui.

Kuna pia suala la mahali pa kuacha. Kati ya nyama na kifuu ipo ngozi ya kahawia, na meno yakiifikia tui hupoteza weupe wake. Mashine za sokoni, zile zenye kichwa cha meno kinachozungushwa na mota, humaliza kizio kabla hujahesabu chenji yako. Lakini mwenye mashine ana foleni ya wateja. Sioni sababu ya yeye kuchungulia kila kifuu kwa ajili yangu.

Ukishakuna, maji gani? Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 24. Dar es Salaam au Mombasa maji ya kawaida yanatosha kwa siku nyingi. Nairobi mwezi wa Julai, ukikamulia maji ya bomba, sehemu kubwa ya mafuta itaganda na kubaki kwenye machicha. Maji ya uvuguvugu huondoa tatizo hilo.

Tatizo kubwa la nazi iliyokunwa ni muda. Nazi nzima hukaa wiki kadhaa bila neno. Ukiikuna, umeifungulia hewa na bakteria kila upande, na tui halina asidi ya kutosha kujilinda: la asubuhi, kwa joto la pwani, jioni linaweza kuwa limechacha. Kwa hiyo anayenunua nazi iliyokunwa kwenye mfuko aulize imekunwa saa ngapi, na ainuse kabla ya kulipa.

Kiwanda hununua muda huo kwa njia zake. Chenga za pakiti hukaushwa mpaka maji yabaki kama asilimia 3. Zinafaa kwa keki na biskuti, ila usizitegemee kwa tui zito. Tui la unga lina shida nyingine: mafuta peke yake hayageuki unga, basi huchanganywa na maltodekstrini, itokanayo na wanga, na mara nyingi kaseini, protini ya maziwa ya ng'ombe. Asiyepatana na maziwa asome maandishi madogo nyuma ya pakiti, kwa sababu picha ya mnazi mbele haitamwambia.

Tui la kopo hupikwa kuua vijidudu, na mara nyingi hutiwa gundi ya guar ili lisitengane. Hapo ndipo zile sehemu 3 za protini zinapoingia. Katika tui bichi, protini huvizunguka vitone vya mafuta na kuvizuia visiungane. Joto likikaribia nyuzi 80, protini huanza kugandana, vitone huungana, mafuta huelea juu: tui limekatika. Ndiyo maana mpishi hukoroga mfululizo mpaka lichemke, na tui la kwanza hulihifadhi kwa ajili ya mwisho, moto ukiwa mdogo. Gundi ya kopo humpunguzia kazi hiyo ya kukoroga, na mama anayepika maharage huku akisimamia kazi za shule za watoto sitamlaumu akilifungua.

Lakini kwa samaki wa kupaka mimi nitakuna. Tui la kwanza lililokamuliwa kwa maji machache lina harufu ambayo joto la kiwandani huipunguza, na hapo harufu ndiyo nusu ya chakula. Tui la pili litapikia wali. Machicha bado yana mafuta kidogo: kuku wanayagombania, na ukiyakaanga kwa chumvi na pilipili, hata watoto wanaoyadharau watarudi na sahani.