Siku ya matembezi, nani anabaki nyumbani?

Juni ikiingia, Dar es Salaam hutulia kidogo. Jua linapunguza ukali, upepo wa kusi unavuma, na usiku watu wanatafuta shuka ambazo tangu Novemba hawakuwa na haja nazo. Shule zimefungwa. Pale kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, mabasi ya Mbeya, Songea, Mwanza na Bukoba yanashusha watoto wenye usingizi machoni, na wanaotoka Nyanda za Juu Kusini bado wamevaa masweta kwa sababu kwao huu ndio wakati wa baridi kali. Anayewapokea anahesabu watoto kwanza, mizigo baadaye. Na mizigo ipo: kiroba cha viazi mviringo kutoka Njombe, mchele wa Kyela, dagaa wa Mwanza, ndoo ya maparachichi iliyofungwa mdomo kwa khanga. Hakuna mzazi wa mkoani anayemtuma mtoto wake Dar mikono mitupu.

Nyumba ya vyumba viwili au vitatu sasa ina watu kumi. Magodoro yanashushwa chini, mkeka unatandikwa sebuleni, bafuni kunakuwa na foleni, na lile sufuria kubwa linalokaa juu ya kabati kusubiri Idi au Krismasi linashuka kufanya kazi ya kila siku. Umeme wa LUKU uliozoea kumaliza mwezi unalia katikati ya mwezi. Mama mwenye nyumba anapiga hesabu kimyakimya za unga, mafuta na gesi, na bado anafurahi. Anajua kwamba watoto hawa wasipolala kwenye mkeka mmoja sasa, watakuja kufahamiana msibani wakiwa na mvi.

Kwa hiyo nawapongeza wote wanaofungua milango yao mwezi huu. Ila kuna jambo moja linanikera kila likizo, nami nitalisema.

Kwenye nyumba nyingi mgeni wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, hasa akiwa wa kike, haulizwi anataka kwenda wapi. Asubuhi ya kwanza ameamka kabla ya wenyeji akafagia uwanja, maana ndivyo alivyolelewa. Anasifiwa, na sifa ile inageuka kuwa ratiba. Siku ya tatu ndiye anayejua sukari inakaa wapi. Wiki ya pili mtoto mchanga wa nyumba hiyo analala mgongoni kwake. Jumamosi ya matembezi inafika, watoto wa nyumbani wanagombea viatu mlangoni, na mtu anamwambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, wewe baki na mdogo wako, tutakuletea zawadi." Anajibu, "Haya, shangazi." Hatalalamika, kwani mtoto aliyefunzwa adabu halalamiki ugenini. Sisi watu wazima tunauchukua ukimya wake kama ruhusa.

Methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu tunaikumbuka sana inapotufaa. Lakini mgeni wa zamani aliyepewa jembe alikwenda shambani pamoja na wenyeji wake, na jua likipanda walirudi pamoja kula. Hakuna aliyeachwa kulima peke yake huku wenye shamba wamekwenda kuogelea. Kazi za nyumbani ni sehemu ya malezi, na mgeni asiposhika ufagio kabisa atajiona kama amewekwa kabatini. Basi kila mtoto apewe zamu, wa kwetu na wa wenzetu, wa kike na wa kiume. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka haki ya kucheza na kupumzika katika mambo yale yale ambayo mlezi anadaiwa: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Haikumtoa mtoto aliyekuja kusalimia.

Matembezi yanayomwingiza kila mtu si lazima yawe ya gharama. Familia yenye watoto wengi na fedha kidogo ianze na pantoni ya Kigamboni. Mtu mzima anavuka kwa shilingi 200, na kwa mtoto wa bara safari ile fupi ina mambo mengi kuliko bustani yoyote ya michezo. Mnaanza Feri, penye soko la samaki: changu, kibua, pweza wanaopigwa chini walainike, sauti za mnada. Halafu mnasubiri kwenye jengo la abiria mpaka geti lifunguliwe, na hapo kila mkubwa ashike watoto wawili, mmoja kila mkono, kwa sababu umati ule ukianza kutembea haurudi nyuma. Bajaji, mikokoteni, pikipiki, magari, watu wenye matenga kichwani, wote wanapanda. Mkibahatika, pantoni itasimama kupisha meli ya makontena inayoingia bandarini kupitia mlango ule mwembamba. Meli inapita karibu kiasi kwamba watoto wanainua shingo kutafuta mwisho wake. Kelele zote zinakatika kwa muda.

Hapo ndipo utaona faida ya kumchukua mgeni. Yupo binti mmoja wa Ukerewe, mtoto wa jamaa zetu, ambaye wenzake wa Dar walimzunguka wakimweleza pantoni inavyofanya kazi. Akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia kwamba kwao, kutoka Mwanza mpaka Nansio, unakaa majini saa kadhaa, unalala, unaamka, unakula, na bado hujafika. Watoto wa Dar waliokuwa wakijiona mabaharia wakaanza kumuuliza maswali: mnapika humo ndani? Mawimbi yapo? Ukitaka kujisaidia je? Tangu siku hiyo aliitwa kwa jina lake badala ya "yule mgeni". Angebakizwa nyumbani na mtoto mchanga, wangerudi wakimsimulia yeye kama asiyejua kitu, naye angewasikiliza vilevile kwa adabu.

Baharini ujuzi wake wa ziwa ulimfikisha mahali fulani tu. Aliogelea vizuri kuliko wenyeji. Lakini alivua ndala zake akaziweka mchangani hatua chache kutoka kwenye maji, kama anavyofanya kwao. Ziwa halina maji kujaa na kupwa kwa namna ile. Aliporudi, bahari ilikuwa imeshapanda, ndala moja inaelea, ya pili haionekani. Mjomba wake mdogo, mtoto wa Dar wa miaka tisa, ndiye aliyemfundisha kusoma ule mstari wa mwani mkavu unaoonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho.

Wazazi nao wausome mstari huo. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, karibu saa sita kutoka maji makubwa hadi madogo, na kesho yake saa hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hukauka mbali sana, watoto wakatembea kwenye matope na mawe kutazama kaa na viumbe vingine vilivyonasa kwenye vidimbwi, kisha maji hurudi kwa haraka. Muulizeni mvuvi yeyote pale ufukweni kabla hamjatandika mkeka; atawaambia saa bila kutazama simu. Mipira ya tairi inayokodishwa ufukwe wa Coco watoto wanaipenda, na ni furaha ya kweli, lakini si kinga. Maji yanapopwa huuvuta mpira pamoja na aliyekaa juu yake.

Na lazima awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama maji tu. Asichome mishikaki, asipige picha, asishike simu. Wakibadilishana, anayeondoka amtajie anayeingia kwa sauti: wako saba, watatu majini. Naona familia zikimwachia jukumu hili yule yule binti mgeni, eti ni mkubwa na ana busara. Mtoto halindi watoto baharini. Naye amekuja kuogelea.

Chakula kitoke nyumbani. Chapati zilizokunjwa kwenye hotpoti, mayai ya kuchemsha, chumvi kwenye kikaratasi, juisi ya ukwaju kwenye dumu la lita tano, na maji mengi kuliko mnavyodhani mtahitaji. Fedha iliyobaki inunue kitu kimoja tu pale pale, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na kila mtoto ashikishwe kipande chake mwenyewe mkononi. Watoto wageni huona haya kunyoosha mkono kwenye sahani ya pamoja ugenini. Wale wa nyumbani wanakimbilia, wao wanabaki wakisema wameshiba.

Siku ya mawingu au mvua ndogo nendeni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Palifunguliwa mwaka 1940, na pamehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75. Lakini mimi mwenyewe napendelea Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kilichoanzishwa miaka ya 1960. Zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali, za ukubwa halisi, unaingia ndani na kuinama mlangoni. Hapa mpeni mtoto wa mkoani uongozi wa msafara. Aliyetoka Dodoma aeleze tembe inavyoezekwa kwa udongo na kwa nini paa lake ni bapa katika nchi ya mvua chache. Aliyetoka Bukoba asimame mbele ya msonge aseme bibi yake alilala upande gani na ng'ombe upande gani. Hata asipojua, atapiga simu kuuliza, na bibi aliye kijijini atakuwa ameingia kwenye matembezi bila nauli.

Sabasaba nitaipitia haraka, kwa kuwa watoto wenyewe hawatawaacha msahau. Maonesho huanza mwishoni mwa Juni kwenye uwanja wa Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na kilele ni tarehe 7 Julai, siku chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954. Ni raha na ni msongamano. Epukeni tarehe 7 yenyewe mkiwa na watoto wadogo, na mwandikieni kila mtoto namba ya simu mkononi kwa kalamu, hasa wageni, ambao hata jina la mtaa mnaokaa hawajalikariri.

Siku hizi kuna jambo jingine ambalo watoto wa mikoani wanalitaja hata kabla hawajafika: treni ya umeme. Ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nauli ya kawaida ilipangwa shilingi 13,000, na watoto wa miaka minne hadi 12 nusu yake. Kwa familia ya watoto sita hiyo si fedha ndogo, na simlaumu anayeshindwa. Lakini mwenye ndugu Morogoro anaweza kufanya safari moja iwe matembezi na kusalimia kwa pamoja: asubuhi mnapita Pugu na Ruvu, kabla hamjamaliza saa mbili njiani mmeona milima ya Uluguru, mchana mnakula kwa mama mdogo, jioni mnarudi. Kama fedha haitoshi watoto wote, msichague wawili. Ahirisheni mpaka wote waende, au nendeni mahali pengine penye nafasi ya wote. Mtoto husahau koni aliyokosa. Hasahau siku ambayo damu yake mwenyewe ilimpanga nyuma.

Naijua hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Mama mwenye nyumba amechoka. Anafanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa, dada wa kazi naye amekwenda likizo kwao, mtoto mchanga hawezi kukaa juani, na nyumba haiwezi kuachwa tupu. Basi abaki mtu mzima kwa zamu. Wiki hii baba, wiki ijayo mama, Jumamosi nyingine mjomba ambaye amekuja kula ubwabwa kila Jumapili. Mtoto mchanga ana baba. Nimeona nyumba ambazo baba alibaki na kichanga tangu saa tatu asubuhi mpaka jioni, akakibembeleza, akakipa uji, na kichanga kikalala.

Na wazazi wa pande zote mbili wazungumze mapema, kabla tiketi haijakatwa. Aliye mkoani aseme wazi anamtuma mtoto kutembea au anamtuma kusaidia, maana zipo familia zinazoomba msaada huo na hakuna aibu ndani yake, mradi mtoto mwenyewe ajue. Atume chochote alicho nacho kwa ajili ya matembezi, hata iwe elfu tano kwa simu. Aliye mjini asione haya kusema mwezi huu mambo magumu.

Desemba msafara hugeuka. Watoto wa Dar watapelekwa Njombe, Ukerewe, Rombo, na tiketi za mwisho wa mwaka hazingoji mtu, kwa hiyo zikateni mapema. Huko wao ndio watakaokuwa wageni wasiojua sukari inakaa wapi, wanaoogopa giza la njia ya chooni na wanaochelewa kuamka. Bibi yao ameshawaambia kwenye simu kwamba majembe yapo ya kutosha, na siku ya mnada wanakwenda wote.