Plagi: cheche moja au nyingi?

Liverpool ya Australia, kitongoji kilicho kusini magharibi mwa Sydney, hupitiwa na barabara kuu ya Hume iendayo Melbourne. Nyakati za msongamano magari husogea hatua kwa hatua, na ndipo plagi iliyochakaa hujidhihirisha: injini hutetemeka, hukosa nguvu na kunywa petroli kupita kiasi.

Kazi ya plagi huanzia kwenye koili. Koili huuchukua umeme wa betri wa volti 12 na kuupandisha hadi zaidi ya volti 20,000. Kwa nguvu hiyo umeme huruka mwanya wa takriban milimita moja kwenye ncha ya plagi, na cheche huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa ulioshindiliwa na pistoni. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 25 kwa sekunde katika kila silinda.

Cheche ikikosekana, petroli hutoka bila kuungua, huwakia ndani ya kifaa cha kusafisha moshi na kukiharibu. Bei ya kifaa hicho ni kubwa mno ikilinganishwa na ya plagi.

Mitambo ya cheche nyingi, iliyoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1970, hulenga tatizo hilo. Umeme huhifadhiwa katika kapasita na kufyatuliwa kwa ghafla. Kwa kuwa cheche ya namna hiyo hudumu muda mfupi sana, hurudiwa mara kadhaa injini inapozunguka polepole. Ikishapita mizunguko 3,000 hivi, hubaki nafasi ya cheche moja tu. Kwa hiyo faida yake huonekana zaidi kwenye foleni kuliko kwenye mwendo wa kasi, kinyume cha wanavyodhani wanunuzi wengi.

Baadhi ya watengenezaji wameuingiza utaratibu huo kiwandani. Injini za Mercedes-Benz zilizotangazwa mwaka 2010 zinaweza kutoa hadi cheche nne ndani ya milisekunde moja.

Hata hivyo, mtambo wa ziada hauponyi plagi mbovu. Fundi makini huichomoa kwanza na kuitazama: rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema, masizi meusi makavu huashiria petroli kuzidi hewa, na unyevu wa oili humaanisha kwamba ugonjwa umo ndani ya injini yenyewe.