Familia ya aliyeuawa ina nafasi gani mahakamani?

Agnes Wanjiru alikuwa na umri wa miaka 21, mama wa mtoto wa miezi mitano, alipotoweka mjini Nanyuki mwishoni mwa Machi 2012. Usiku wa kutoweka kwake alionekana hotelini pamoja na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Kenya kwa mazoezi. Juni mwili wake ulipatikana ndani ya tangi la maji taka la hoteli hiyo hiyo. Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hati ya kumkamata mshukiwa Septemba 2025.

Katika miaka mirefu kama hiyo ndugu wa marehemu huambiwa: "Kesi ni ya serikali, nyinyi ngojeni." Nusu ya kwanza ni kweli. Mashtaka ya mauaji hufunguliwa kwa jina la Jamhuri, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye anayeamua nani ashtakiwe. Hilo la kungoja halimo katika sheria. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inaitambua familia ya marehemu: ina haki ya kujua kesi imefikia wapi, ya kusikizwa mshtakiwa anapoomba dhamana, na ya kumweleza jaji, kabla ya adhabu kutolewa, msiba ule umewafanyia nini. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilienda mbali zaidi. Wakili wa familia anaweza, kwa idhini ya jaji, kutoa hoja na hata kumuuliza shahidi swali, mradi asijifanye kiongozi wa pili wa mashtaka.

Na kama hakuna aliyeshtakiwa? Upo uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu. Hapo hahukumiwi mtu. Mashahidi huapishwa, ripoti ya daktari husomwa, kisha hakimu huamua marehemu alikufaje. Novemba 2019, hakimu Njeri Thuku aliamua kwamba Agnes aliuawa, na kwamba wauaji walikuwa mwanajeshi mmoja au wawili wa Uingereza. Bila uamuzi ule, naamini kifo hiki kingezikwa na faili lake. Ndiyo maana huwasihi ndugu waanze mapema: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), nakala ya ripoti ya upasuaji wa maiti, majina na simu za kila aliyeona jambo. Mhudumu wa hoteli huacha kazi akarudi kwao, mpelelezi huhamishwa. Jinai haiozi, na kosa la mauaji halina ukomo wa miaka nchini Kenya, lakini kumbukumbu za watu hufifia.

Sasa kikwazo ni umbali. Mshukiwa, ambaye anakana kosa, alikamatwa Uingereza Novemba 2025, na suala la kumleta Kenya liko mbele ya mahakama ya London. Sheria ya Uingereza ya 2003 inamzuia Waziri wa Mambo ya Ndani kumtoa mtu anayeweza kuhukumiwa kifo, mpaka nchi inayomtaka iahidi kwa maandishi kwamba hatanyongwa. Kenya bado ina adhabu hiyo, ingawa haijamnyonga mtu tangu 1987, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wake kwa kosa la mauaji. Najua wapo ndugu wanaoumia wakisikia ahadi ya namna hiyo. Hata hivyo haimpunguzii mshtakiwa kosa wala haigusi ushahidi. Inafungua njia ya kumfikisha kizimbani Nairobi. Familia inaweza kumwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka, kupitia wakili wake, imuulize kama ahadi hiyo imekwisha kutolewa.