Injini Iliyoumbwa Ifunguliwe

Katika gereji moja ya Changamwe, Mombasa, mara tu hedi ya pikapu ya Peugeot 504 ilipoondolewa, fundi mkuu alitwaa bolti fupi na washa pana, akazikaza juu ya bloku kandokando ya kila silinda, akawakataza vijana wake katakata wasiuguse mkanda wala feni mpaka amalize. Na jambo hilo dogo, ambalo mpita njia asingelijali, lilinikaa moyoni hata nikaona sina budi kumrudia nimwulize sababu yake.

Wasomaji wa makamo hawana haja ya kuelezwa 504 ilikuwa gari gani. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, ikaunganishwa hapa hapa Mombasa, na aghalabu ya pikapu zake zilizosalia zingali zikichuma riziki. Hii ninayoisimulia huleta nazi Kongowea kutoka upande wa Kilifi. Mwenyewe aliirithi kwa marehemu babake, na sasa inakula oili na kutoa moshi wa buluu kila ipandapo mlima. Wanawe wamemshauri aitupe injini hiyo anunue ya Kijapani iliyokwisha kutumika.

Fundi hakutoa rai yake upesi. Kwanza, kabla ya kuifungua injini, alichomoa plagi zote akapima mgandamizo wa kila silinda kwa geji, na ya tatu ikasoma chini sana ya wenzake. Hapo alimimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, akapima tena, na mshale ukapanda. Kwa hikima ya kazi yake hilo lilikuwa ushahidi: oili imeziba pengo baina ya ringi na ukuta wa silinda, basi kilicholika ni ringi au ukuta wenyewe, lau mshale ungalibaki pale pale, angalizituhumu valvu au gasketi, na shauri lingalikuwa jingine kabisa, tena la gharama nafuu.

Sasa nirudi kwenye zile bolti. Katika injini nyingi za Kijapani tulizozizoea, silinda imechongwa katika bloku yenyewe, nayo ikilika hapana budi bloku itanuliwe na pistoni kubwa zaidi zitafutwe, na kutanua huko kuna mwisho wake. Injini hii, yenye sentimita za ujazo 1,796, imefuata njia nyingine: kila silinda ni slivu, bomba la chuma lisimamalo peke yake ndani ya bloku huku maji ya kupozea yakiligusa ubavuni, nalo huchomolewa likatiwa jipya pamoja na pistoni yake pasipo bloku kuchongwa hata chembe. Walakini chini ya slivu mna sili nyembamba tu, na kinachoikandamiza kwa juu ni hedi. Hedi ikiondoka, kijana asiyejua akaizungusha kranki, pistoni huinua slivu unywele mmoja, sili ikahama, na maji yakapata njia ya kushukia kwenye sampu; zile bolti na washa ndizo zinazozishikilia slivu mahali pake mpaka hedi irudi. Mwenye gari hukabidhiwa injini yenye ringi mpya, akalipa kwa shukrani, kisha siku chache baadaye oili yake ikawa nyeupe kama maziwa.

“Injini hizi haziuawi na safari, mwanangu,” aliniambia. “Wengi wameziua kwa kuzitibu.”

Nilimwuliza kama vijana wake wanayajua haya. Alisema huwafundisha, lakini gari za namna hii huingia gerejini mara chache, na mkono haushiki kwa kusikia. Yeye alijifunza wakati zilipokuwa zikija kila wiki. Nakiri kwamba swali hili lilinisumbua kuliko lile la fedha, maana injini iliyoumbwa ifunguliwe na kurudishwa yafaa nini pindi atakapoondoka ajuaye kuifungua?

Juu ya ile injini ya Kijapani iliyokwisha kutumika, fundi haitukani. Ataka tu hesabu ifanywe yote: vishikio vipya vya kuchomelea, giaboksi yake, propela shafti ya kukatwa, pengine na rejeta, kisha namba mpya ya kubadilishwa katika logibuku, na baada ya hayo yote hakuna ajuaye ilitembea maili ngapi, wala ilipata kuungua lini, kwa kuwa dhamana ya wauzaji wengi huishia pale inapowaka. Hii kuukuu, asema, anazijua aibu zake zote.

Zote, ila moja. Kranki ilikwisha kuchongwa zamani, nayo imepelekwa kupimwa. Ikiwa imefika kipimo cha mwisho, hata slivu mpya hazitaiokoa, na wana wa mwenye gari watakuwa wamesema kweli. Siku hiyo, fundi ameahidi, yeye mwenyewe ataandamana na mwenye gari kwenda kuichagua ya Kijapani, na atawataka wauzaji waifungue sampu mbele ya macho yake kabla ya shilingi moja kutolewa. Nilipomwuliza kama watakubali, alisema bado hajapata kumwona aliyekubali.