Kisumu hadi Mombasa bila kupitia Nairobi: lipa nauli kwa simu, lakini soma hii kwanza

Ukiwa na msiba Mombasa na uko Kisumu, basi ni zaidi ya kilomita 800, usiku kucha na bado hujafika. Reli ya zamani ilifika Kisumu mwaka 1901; SGR ya kutoka Mombasa bado. Ndiyo maana ndege ya moja kwa moja, kama ile iliyoanzishwa na Jambojet, ni afueni: hushuki JKIA kungoja nyingine.

Ila ndege yenyewe si kubwa. Dash 8-400 ya Jambojet ina viti 78, na vile vya bei nafuu huisha mapema. Matapeli wanajua una haraka. Ukiona “ofa” Facebook inayotaka utume nauli kwa namba ya mtu binafsi, achana nayo, hata ikiwa na nembo ya ndege.

Kata tiketi kwa tovuti ya kampuni yenyewe. Ukilipa kwa Paybill, mahali pa akaunti andika ile namba ya buking uliyopewa. Ukikosea herufi moja, pesa inaweza kuenda na tiketi isitoke. Kabla ya kuweka PIN, soma jina: ni la kampuni ama la mtu? Muda wa kulipa huwa na kikomo, kwa hivyo hakikisha salio linatosha, na ada pia, kabla hujaanza. Usifute meseji ya malipo mpaka upate tiketi.

Na samaki wa Dunga wa kupelekea shemeji? Pima mzigo nyumbani. Kilo za ziada hulipiwa, kwa hivyo bakisha kitu kwa simu.